Picha Moja ya Mama Shuka

Msimwone Mama Shuka amekaa kimya mkadhani ni mpole. Huyo mama ana ulimi. Muulizeni muuguzi yeyote wa hospitali kuu. Miaka thelathini na mmoja amesimamia chumba cha kufulia, kule nyuma karibu na tangi la maji, ambako mashine nne zinanguruma toka asubuhi na joto lake ni la kuivisha viazi. Mashuka ya wodi zote yanapita mikononi mwake, ndiyo maana akaitwa hivyo. Jina alilopewa na wazazi wake nadhani hata wanaolipa mishahara wamelisahau.

Alikuwa na kanuni moja, na kwa kanuni hiyo alikuwa kero kwelikweli. Nguo haiingii kwenye maji yake mpaka yeye mwenyewe atie mkono mfukoni. Wauguzi wanaleta makoti, wahudumu wanaleta ovaroli, yeye anauliza, "Mmeangalia mifukoni?" Wanajibu, "Ndiyo, mama." Naye, huku wanamtazama, anaanza kupekua mfuko mmoja baada ya mwingine, utadhani hakusikia kitu. Wengine walinuna. Basi wanune! Katika mifuko hiyo iliyokwisha kuangaliwa alitoa pete za ndoa, akatoa meno ya bandia, akatoa barua za mapenzi za daktari mmoja ambazo alizikunja na kumrudishia bila kumtazama usoni. Siku moja alitoa mjusi, mzima, anahema. "Ndiyo ya mtu mwenye haraka," alizoea kusema, "mimi wala siitilii maji."

Lishikeni hilo, maana ndilo lililokuja kumla.

Alizaa watoto wawili. Wa kwanza ni binti, anafundisha chekechea. Wa pili alikuwa kitinda mimba wa kiume, ambaye mama yake alimwita Baba, kama akina mama wengi wanavyowaita wanao. Baba alikuwa mpiga picha. Jumamosi alipiga harusi ili apate kula, na Jumapili alikwenda kwenye hifadhi, mwendo wa saa mbili kutoka mjini, akapige ndege ili moyo wake nao upate kula. Hasa alimpenda mdiria, yule ndege mdogo wa buluu anayejitupa majini kichwa mbele na kutoka na samaki. Mama yake hakumwelewa hata kidogo.

"Baba, unalala kwenye matope saa tatu nzima unamngoja ndege ambaye hata haliwi?"

"Mama, siku moja nitakupeleka ukamwone. Utanyamaza mwenyewe."

"Nani ataniachia zile mashine? Nenda huko, na usinirudishie suruali yenye tope hilo."

Suruali aliirudisha kila wiki, na kila wiki mama aliifua.

Jumapili ya mwisho Mama Shuka alikuwa uani anafua nguo za nyumbani, povu limefika kwenye viwiko. Baba akatoka na begi lake mgongoni, akafika mlangoni aende zake, akageuka.

"Mama, nipige na mimi moja. Kila siku napiga watu, mimi mwenyewe sina hata picha ya kuweka ukutani."

"Huoni mikono yangu?"

"Jifute. Ni kubonyeza tu."

Akamvisha mkanda wa kamera shingoni, akamwonyesha kitufe, akaenda kusimama kwenye kamba ya kuanikia. Mama akabonyeza. Mara moja tu, na ndiyo ilikuwa picha ya kwanza kupiga tangu azaliwe. Baba akaja, akatazama kile kioo kidogo cha nyuma, akaangua kicheko mpaka akainama akajishika magoti.

"Nini? Nimekukata kichwa?"

"Nikirudi nitakuonyesha," akasema, bado anacheka, akaondoka.

Hakurudi. Saa moja baadaye lori lililokatika breki lilimkuta kwenye mteremko, na hakufika hata hospitali akiwa hai. Kamera ililetwa na askari wa barabarani ikiwa nzima, haina hata mkwaruzo, loo, vitu navyo vina roho ngumu! Nguo zake zikashushwa pale pale kwenye chumba cha kufulia, ndani ya mfuko wa plastiki. Wenzake walitaka kuzificha, akawapokonya. Akatia mkono kwenye mfuko wa suruali kama alivyotia katika maelfu ya suruali za watu wengine, akatoa kifuniko cha lenzi. Ndipo alipolia.

Miezi kumi na moja kamera ilining'inia kwenye msumari juu ya kabati lake, betri imekufa. Hakuigusa ila kwa kuifuta vumbi. Alijua kwamba ndani yake imo ile picha, ya Baba amesimama kwenye kamba ya nguo, aliyoipiga yeye kwa mkono wake wenye povu, na hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuiona. Binti yake alimwomba aipeleke kwa fundi wa studio pale mtaani.

"Yule mwenye kutafuna karanga huku anafanya kazi?" Mama Shuka akasema. "Akigusa pasipotakiwa, ikapotea, wewe utanizalia mwingine?"

Basi ikakaa. Mpaka siku binti alipokuja na karatasi aliyoichukua kwenye ubao wa matangazo: hifadhi ile ile inatoa mafunzo ya siku tatu ya kupiga picha za porini kwa wanaoanza, lete kamera yako. Binti akamwambia, "Mama, nenda. Watakufundisha kuiwasha. Utaifungua mwenyewe, kwa mkono wako, na kule kule alikokuwa anaelekea." Mama Shuka akaitazama ile karatasi siku nne, halafu akapiga moyo konde na kuomba ruhusa kazini. Msidhani alikwenda kwa ajili ya ndege. Alikwenda kumwona mwanawe.

Walikuwa wanafunzi saba. Walilala kwenye vyumba vya wageni vyenye paa la bati, na darasa lao lilikuwa ukumbi wa kulia chakula. Mwalimu alikuwa kijana mwenye kofia ya kamba kidevuni, mchangamfu, mikono haitulii. Aliyemchekesha kila mtu ni daktari mmoja wa meno, bwana mnene mwenye lenzi ndefu kama mkono wa mtoto, ambaye alisema ameamua kupiga picha za ndege kwa sababu hawana meno na hawamlalamikii. Mama Shuka alicheka naye. Jioni mwalimu alikusanya betri za wote akazichaji, na ile iliyokufa ya Mama Shuka ikiwemo. Alipoulizwa kamera aliipata wapi, alijibu tu, "Ya nyumbani." Hakuwa mtu wa kutandaza msiba wake mbele ya wageni. Alikata shauri kwamba baada ya somo la kwanza atamshika mwalimu pembeni, amweleze taratibu.

Somo la kwanza lilikuwa alfajiri. Askari wa hifadhi, bunduki begani, aliwatangulia kwenye njia ya umande mpaka bwawani, wakaingia kwenye kibanda cha matete kilichotobolewa matundu ya kuchungulia. Ndani kuna benchi moja. Ukikohoa ndege wote wanaondoka, kwa hiyo kila neno ni la kunong'ona. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji, na mwalimu alikwisha kuwaambia kwamba mwanga mzuri unadumu dakika arobaini tu.

Sasa, hawa wapiga picha wana mazoea yao. Kabla ya kazi wanakagua betri, halafu wanafuta kadi, ile kadi ndogo ndani ya kamera inayoshika picha, ili isije ikajaa katikati ya shughuli ndege akiwa mbele yao. Wanaifuta kila asubuhi bila kufikiri, kama wewe unavyonawa uso. Mwalimu alipita kwenye benchi akimwinamia kila mtu: betri, kadi, haya, betri, kadi, haya. Akamfikia Mama Shuka wa mwisho.

"Mwalimu, mimi sijui hata kuiwasha."

Akaichukua kwa upole, akaiwasha. Kioo cha nyuma kikawaka, na moyo wa Mama Shuka ukaruka, kwa maana miezi kumi na moja hakuwa ameona kitu chochote cha Baba kikiwa na uhai. Hakusikia vizuri lililofuata.

"Kadi yako imejaa, mama. Hizi za zamani umeshazihamisha?"

Kuhamisha? Kupeleka wapi? Hakuelewa. Lakini watu sita wamegeuka wanamtazama. Daktari wa meno ametazama saa yake. Pale kwenye tundu askari amenyoosha kidole na kunong'ona, "Anakuja, huyo, anakuja!" Mama Shuka akaona haya, haya ya mtu mzima aliyewekwa darasani pamoja na watoto. Akasema neno la kuondoa macho ya watu usoni mwake.

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu akabonyeza mara mbili kwa kidole gumba. "Haya, safi. Sasa una nafasi tele," akamrudishia.

Jamani! Mama huyu! Miaka thelathini na mmoja anasikia ndiyo za watu wenye haraka, na hakuiamini hata moja. Siku ya kuitoa yake, akampata mtu wa kumwamini.

Na uchungu zaidi ni kwamba alifurahi. Lazima niliseme hili, maana yeye mwenyewe ndilo analojisuta nalo mpaka leo. Alitia jicho kwenye kamera ya mwanawe, na mdiria akatua kwenye kijiti mbele yake, buluu ile ambayo aliambiwa miaka yote na hakuisadiki. Alinyamaza mwenyewe, kama alivyotabiriwa. Kidole kikabonyeza na kikakaa pale pale, kamera ikawa inapiga mfululizo, naye anacheka kimoyomoyo. Ndege akajitupa majini, akatoka, akarudi kijitini, akajitupa tena. Kila alipojitupa kamera ilipiga. Asubuhi nzima kifua chake kilikuwa chepesi, mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Aliacha pale tu kamera ilipogoma na kumwandikia kwamba kadi imejaa.

Waliporudi kwenye chai, mwalimu alizitia kadi zao kwenye kompyuta yake, moja moja. Alipofikia picha ya mwisho ya Mama Shuka alipiga kelele. Mdiria ametoka majini, mabawa wazi, samaki amekingama mdomoni, matone yanamruka pande zote.

"Mama! Umewahi kupiga picha wewe?"

"Mara moja."

"Lenzi yangu ingeweza kununua gari," daktari wa meno akasema, "na asubuhi nzima nimepata mkia! Mkia tu, waungwana!" Wakapiga makofi, wakamshika Mama Shuka mabega, naye akaona fahari. Akangoja wenzake watawanyike kwenda kupumzika. Kisha akavuta kiti karibu na mwalimu.

"Mwalimu, sasa nionyeshe zile za zamani."

"Zipi, mama?"

"Zilizokuwamo. Imo moja ya mwanangu, ndiyo ya mwisho kabisa. Alikuwa amesimama kwenye kamba ya nguo. Ndiyo iliyonileta hapa."

Mwalimu alimtazama, halafu akatazama kamera. Ile mikono yake isiyotulia ikatulia.

"Si ulisema umezihamisha?"

"Sikujua maana yake."

"Mwanao… yuko wapi sasa?"

"Amefariki. Mwezi wa kumi na moja huu."

Kijana wa watu alivua kofia. Kisha akachomoa ile kadi haraka, kama mtu anayetoa kitu motoni, akaeleza kwamba picha iliyofutwa haiondoki mara moja, inabaki chini kwa chini mpaka nyingine ije kuikalia. Iko programu ya kuzitafuta. Hakuuliza alipiga ngapi asubuhi, maana alikwisha kuona. Mia tisa na kitu.

Mchana huo wengine walikwenda matembezini na askari. Hawa wawili walibaki ukumbini, kompyuta inatafuta, mstari wa kijani unatambaa kwenye kioo polepole. Mama Shuka alikaa na mikono mapajani. Aliomba kila alichojua kuomba. Vilitoka vipande vya ndege, visivyo na vichwa. Vikatoka vibao vya kijivu vitupu, kimoja, kumi, arobaini. Chai ya mwalimu ikapoa na utando ukafanyika juu. Halafu, mstari ulipokaribia mwisho, ikatoka moja.

Juu kulikuwa na mbingu na ukingo wa bati la nyumba yake. Kisha kamba, na vibanio vitatu, kimoja chekundu. Kisha nywele. Kisha paji la uso, na nyusi mbili. Chini ya nyusi palianza kijivu, kikaenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa picha.

Mama Shuka alisogeza kidole kwenye kioo akaligusa lile paji.

"Shusha," akasema.

"Haishuki, mama. Ndiyo iliyobaki."

"Hapo chini pana nini?"

Mwalimu alisogeza kikombe chake cha chai kando.

"Sema. Mimi nimefua damu za watu miaka thelathini na mmoja, huwezi kunitisha."

"Imekaliwa na picha uliyopiga leo. Ya mwisho. Ni yule mdiria, mama."

Kwa dakika moja hivi alitamani kumzaba kofi yule kijana, na kofi lake si la kuombea, mkono ule umekamua mablanketi. Mwalimu alikuwa analia waziwazi, machozi yanadondoka kwenye vitufe. "Nisamehe, mama. Ningeangalia kwanza. Kuangalia tu, ingenichukua muda gani?"

"Uliniuliza," Mama Shuka akasema. "Nami nikakujibu ndiyo." Akainuka, akatoka, akazunguka nyuma ya jiko. Alijaribu kujikaza kisabuni, haikuwezekana. Alilia ameegemea pipa la maji mpaka mpishi akaja, akamwona, akarudi ndani bila kuuliza, na baadaye akamwekea kiti.

Angeweza kuondoka jioni ile. Binti yake alimwambia kwa simu, "Mama, rudi nyumbani, nakufuata sasa hivi." Akakataa. Alisema hajamaliza, na binti hakujua anamaanisha nini.

Siku ya tatu ilikuwa ya kuagana. Kila mwanafunzi alitakiwa kuonyesha picha moja, ile anayoiona ni bora kuliko zote. Walitundika shuka jeupe ukutani la kuangazia picha. Lilikuwa limetundikwa ovyo, lina mikunjo, na hata siku ile Mama Shuka hakuweza kulivumilia. Aliinuka akalivuta pembe, akalinyoosha kwa kiganja mpaka likakaa sawa. Picha zikapita: nyani na mtoto, machweo, mkia wa ndege wa daktari wa meno ambao sasa ulishangiliwa kuliko vyote. Mwisho ikafika zamu yake, na mdiria akajaa ukutani na samaki wake. Watu wakavuta pumzi.

"Ondoa huyo," Mama Shuka akasema. "Weka ile nyingine."

Mwalimu alisita, kisha akaiweka. Bati, kamba, vibanio, nywele, paji, nyusi. Kijivu.

"Mama, hiyo imeharibika!" daktari wa meno akasema, kwa nia njema tu, masikini, hakuwa anajua. "Turudishie ndege wetu!"

Mama Shuka alikwenda mpaka mbele. Mwanga ukamwangukia mgongoni. Akaweka kiganja kwenye shuka, pale kijivu kinapoanzia.

"Huyu ni mwanangu. Ndiye mwenye kamera. Mnaona paji lilivyokunjamana? Baba hakunji uso ila akicheka. Kwa hiyo macho yako hapa, ameyafumba, ndivyo anavyocheka." Kiganja kikashuka. "Meno hapa. Ana pengo moja juu, daktari ungemwona ungemgombeza. Hapa ni shati la mistari, nililifua mimi Alhamisi. Mkono mmoja uko hapa, ameshika mkanda wa begi." Kikashuka tena mpaka karibu na sakafu, akainama nacho. "Na hapa miguuni labda ni ndoo yangu. Alipoiona picha alicheka sana. Sijui alicheka nini. Alisema atanionyesha akirudi, na nilichokifuata huku ni hicho tu, na kiko humu."

Daktari wa meno alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Mama Shuka akasimama wima. Akarudi nyuma hatua moja, akaitazama tena ile picha yake kuanzia juu, mbingu, kamba, nywele za mwanawe zote zimeingia, hata unywele mmoja haujakatwa.

"Kumbe kichwa sikumkata," akasema.

Mwalimu akaiacha picha pale pale ukutani, na watu wakakaa hivyo mpaka basi la kuwarudisha mjini lilipopiga honi.